Herufi za Njiani

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na nane. La, ngoja kwanza. Kumi na nane ndio mwaka wanajeshi walipokuja kubeba korosho maghalani, na mwaka huo Mwalimu Cuthbert alikuwa bado yuko barazani kwake Chidya, anakohoa na kucheka, anakohoa na kucheka. Basi ulikuwa kumi na tisa. Ndiyo, kumi na tisa, miezi ile ambayo upepo wa Newala humfanya mtu avae makoti mawili na bado akatafute ukuta wa kujibanza, na mikorosho yote inanuka salfa ya kuulia ukungu.

Majaliwa wa Uwesu alikuwa uani kwa Mama Shakila, mwanamke anayeoka mikate ya kuuza, ananoa visu. Ndiyo kazi yake mpaka leo. Baiskeli yake ina jiwe la kunolea mbele ya kiti. Akishaipandisha kwenye stendi na kukanyaga pedali, jiwe linazunguka na cheche zinaruka, na watoto wanakimbia huku wanacheka. Akimaliza uani hapo anaishusha, anaipanda, anakwenda ua wa pili. Hivyo hivyo Newala nzima, halafu anateremka Masasi, halafu Chidya, halafu Lukuledi alikozaliwa, halafu anapanda tena.

Chini ya benchi palikuwa na pakiti tupu ya hamira. Majaliwa aliiona, akaacha pedali. Jiwe likazunguka lenyewe mpaka likachoka.

"Mama Shakila," akaita, "hebu njoo. Hii K na hii N zilizoshikana hapa, ni neno gani?"

Mama Shakila alikuja na mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Alisoma mpaka kidato cha nne huyu mama, na Kiingereza hakikumtoka chote. Akainamisha kichwa.

"*Knead*," alisema. "Maana yake kukanda. Wanakueleza ukande unga. Kama ninavyofanya mie tangu alfajiri bila kuelezwa na mtu."

"Na hiyo K haitamkwi?"

"Haitamkwi."

"Ipo lakini haisemi."

"Ipo lakini haisemi, Babu Visu. Kwani vipi?"

Majaliwa alianza kucheza. Mzee wa miaka ile, koti juu ya koti, anazunguka baiskeli yake na pakiti ya hamira juu kama bendera. Mama Shakila alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa unga.

"Babu, unacheza kama umeoza binti! Kwa neno moja?"

"Nimempata, mama! Nimempata yule kizee. Miaka yote mkewe alikuwa anakanda unga mbele ya macho yake, na neno lenyewe akalisahau. Safari hii birika atalishika yeye."

Hapo ni lazima msomaji aelezwe habari ya birika, maana bila birika hakuna kisa.

Mwalimu Cuthbert alikuwa binamu yake Majaliwa. Mzee Uwesu, baba wa Majaliwa, alikuwa na dada yake aliyeolewa na watu wa kanisa, akabatizwa akaitwa Ethel, akamzaa Cuthbert. Huku kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Si utani wa kuchekeana tu. Mtani ana haki ya kukutukana mbele ya wakwe zako, na ana haki ya kuchukua kuku wako njiani. Ukifa, yeye ndiye anayelala kaburini kwanza na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Na wewe una haki hizo hizo juu yake. Anayekasirika ameshindwa utu.

Majaliwa alisoma Lukuledi mpaka darasa la nne, kisha baba yake akaugua na shule ikaishia hapo. Herufi alikuwa nazo zote. Lugha ya Kiingereza ndiyo hakuwahi kuonjeshwa. Cuthbert aliendelea, akawa mwalimu. Siku aliyorudi nyumbani kutoka chuoni amevaa tai, Majaliwa alimvua ile tai mbele ya wazee, akaenda kumfungia mbuzi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Cuthbert hakukasirika. Alimwendea mbuzi, akashika lile fundo, akasema kwa sauti ya darasani:

"Binamu, hili fundo kwa Kiingereza ni *knot*. Linaanza na K na N. Nitajie neno lingine la namna hiyo, na maana yake. Ukilipata nakunawisha mikono hapa hapa, na ualimu wangu huu. Ukikosa, utaninawisha wewe."

Majaliwa alikosa. Akashika birika, akammwagia Cuthbert maji mikononi mbele ya ukoo mzima, akasema, "Karibu unawe, bwana mkubwa." Na maji ya siku zile si ya kumwaga hivi hivi, mama zao waliyafuata mabondeni, wakiondoka giza na kurudi jua limepanda. Ukimnawisha mtu kwa maji hayo unajua umemnawisha.

Tangu hapo hawakuacha. Walikuwa vijana, wakawa watu wazima, wakawa vizee, na kila Majaliwa alipofika Chidya hawakuanza na habari za nyumbani. Walianza na herufi. Kuna mwaka walikaa na W na R peke yake: *write*, kuandika; *wrong*, kosa; *wring*, kukamua nguo. Mwaka mwingine M na B mwishoni: *thumb*, kidole gumba, *comb*, kitana, *lamb*, mwanakondoo. Masharti yalikuwa machache. Majina ya nchi hayakubaliki. Kamusi ni wizi. Neno ulipate kinywani mwa mtu au ulione juu ya kitu unachoweza kukigusa. Na wakati wa kuagana, mwenyeji humpa mgeni herufi za kwenda nazo, akazitafutie neno huko aendako, na mgeni naye humwachia mwenyeji za kwake. Hizo waliziita herufi za njiani.

Kwa herufi hizo Majaliwa alikuwa tajiri wa maneno ya kuzungumza na watu. Akipita zahanati anasimama kuwauliza manesi. Akikuta wanafunzi wanatoka shule anawasimamisha. Anasoma magunia, anasoma mabango ya duka la dawa, anasoma ubavu wa lori lililoharibika Nangoo akiwa ameinama na mikono nyuma kama mkaguzi. Watu walimzoea. "Babu Visu, leo una herufi gani?" Mtu asiye na mke wala mtoto anahitaji kitu cha kumfanya ageuziwe uso na watu, na yeye alikuwa nacho.

Maana mke alikuwa naye, Mwanakombo, akafariki mapema, na mtoto hawakujaliwa. Katika nchi hii kila mwanamke ni Mama Fulani na kila mwanamume ni Baba Fulani, hata mlevi wa sokoni ana mtoto wa kuitiwa. Majaliwa aliitwa Babu Visu. Jina lake na la baba yake, Majaliwa wa Uwesu, lilibaki katika mdomo mmoja tu, nao ulikuwa Chidya. Alilala vyumba vya uani vya watu wema, pengine msikitini Masasi, pengine kwenye banda la korosho. Wenye nyumba hawakumfukuza. Ila hapakuwa na mahali ambapo mtu alisema, "Mbona Majaliwa hajafika, amechelewa," isipokuwa kwenye ile baraza.

Safari ya mwisho walipoonana ilikuwa wakati wa mvua. Cuthbert alikuwa mgonjwa wa kifua, amekonda, blanketi mabegani. Mkewe Regina alikwisha kumtangulia, na watoto walikuwa mbali: Trevor kazini Mwanza, Julia Dar es Salaam.

"Turudi tulikoanzia, binamu," alisema Cuthbert. "K na N. Tutazame kilichobaki."

"Kisu," alisema Majaliwa. "*Knife*. Hicho ndicho ugali wangu."

"*Knee*, goti. Langu limekufa."

"*Knock*, kubisha hodi."

"*Knit*, kufuma. Kama sweta hili alilonifumia Regina."

"*Know*, kujua. Neno la walimu, na wewe hujui kitu."

"*Knuckle*. Hiki kifundo cha kidole ninachoweza kukugonga nacho."

Majaliwa alifikiri, akakuna kichwa, akatazama mvua. Akainuka mwenyewe bila kuambiwa, akaleta birika. Mikono ya Cuthbert ilikuwa myepesi, maji yakapita juu yake kama yanapita juu ya majani.

"K ile ni kama mgeni aliyekaa barazani," alisema Cuthbert huku ananawa. "Yumo, amehesabiwa, ila hasemi. Ukimtoa neno linaharibika. Basi hizo ndizo herufi zako za njiani. Usirudi hapa bila neno nisilokuwa nalo. Ukilipata nitakunawisha, hata kama nimelala kitandani nitakunawisha."

"Utakuwa umelala kwa uvivu."

"Nenda zako, funga mbuzi!"

Hayo yalikuwa maneno yao ya mwisho, na kwa watani hayo ni maneno mazuri.

Basi sasa mtu ataelewa kwa nini kizee alicheza na pakiti ya hamira. Mama Shakila alimfungia mkate mzima kwenye gazeti, akamwambia ampelekee Mwalimu, akaone kazi ya kukanda. Majaliwa aliteremka kutoka Newala amebana breki, mkate kifuani ndani ya koti la pili, na njia nzima anafanya mazoezi ya matusi. "Mwalimu gani wewe? Ulikula kwa mikono ya Regina miaka yote hiyo, hujui alichokuwa anakifanya?" Akacheka peke yake. Akabadilisha. "Hapana. Kwanza nitajifanya nimekosa. Nitashika birika kabisa, nimwagie tone moja, halafu ndiyo nimwambie." Wapita njia walimwona anaongea, wakamsalimia, akawapungia mkono bila kusimama. Hakuwa na haja ya kusimama safari hii.

Masasi alipitia buchani kwa Faruku, kama desturi. Faruku ni kijana mwenye mikono mikubwa na roho ndogo ya kulia upesi. Alimpa visu vyake, akabaki amesimama.

"Shikamoo, Babu Visu."

"Marahaba, Faruku."

"Pole sana, babu."

"Pole ya mteremko? Mteremko na mimi tunajuana."

"Pole ya msiba."

Majaliwa aliendelea kukanyaga pedali. "Msiba upi?"

Faruku akatazama pembeni, akaifuta mizani ambayo ilikuwa safi. "Hujaambiwa? Mwalimu wa Chidya, babu. Walipiga simu sokoni Newala, wakaambiwa umevuka kwenda Tandahimba. Hawakujua wakupate wapi, baiskeli yako haina simu. Wameshamzika. Jumamosi hii ndiyo arobaini."

Jiwe lilizunguka. Kisu kilikuwa juu ya jiwe na cheche zinaruka, na Majaliwa anakinoa upande mmoja, upande mmoja tu, mpaka Faruku alipokuja akamshika mkono polepole.

"Kimetosha, babu," alisema. "Kitaisha."

Jumamosi aliingia Chidya kwa namna mtani anavyopaswa kuingia. Uwanjani kwa marehemu palikuwa na maturubai, viti vya plastiki, spika mbili ndefu, masufuria ya pilau nyuma ya nyumba. Yeye aliacha baiskeli mbali, akavaa koti nje ndani, akaja huku anapiga kelele.

"Yuko wapi yule mvivu? Yuko wapi mwoga aliyekimbia birika? Nimemletea neno lake, amejificha chini ya udongo!"

Wageni wa mjini waligeuka, wengine wakasimama. Kijana mmoja alitaka kumtoa. Lakini wazee waliokaa mkekani walianza kucheka, kicheko kile chenye machozi, na bibi mmoja akapiga kigelegele. Mzee Dauda, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki, akasema, "Mwacheni. Mtani amefika. Sasa ndiyo tunafanya msiba, siku zote hizi tulikuwa tunakaa tu."

Penye meza ya kunawia palikuwa na birika la Cuthbert, lile lile, bati limebonyea ubavuni. Majaliwa alilipora, kama ilivyo haki yake, akalikumbatia.

Sasa, watu wa huku wana desturi yao. Mtu haachwi aende na jina lake kaburini. Siku ya arobaini hutafutwa mmoja wa nyumba yake, akakalishwa mkekani, akapakwa unga kipajini, akaambiwa, "Wewe ndiwe yule." Tangu hapo marafiki wa marehemu ni wake, na watani wa marehemu ni wake. Wakija, wanamkuta yeye. Majaliwa hakuja kudai kuku wala shuka. Alikuja kuona nani atakalia ule mkeka, maana huyo ndiye angekuwa na haki ya kumuuliza herufi, na huyo ndiye angemngoja. Jioni nzima ya Ijumaa, njiani kutoka Masasi, hicho tu ndicho kilichomsukuma mguu kwenye pedali.

Lakini ratiba ilikuwa imechapwa, na mkeka haukuwamo. Mshereheshaji, kijana mchangamfu kutoka mjini, alimwona mzee amesimama na birika, akadhani anataka kutoa neno la kumbukumbu. Akampa kipaza sauti.

"Mzee wetu, dakika mbili tu. Karibu."

Majaliwa hakuwahi kushika kitu kile. Akakiweka karibu mno, sauti yake ikapasuka, akakisogeza.

"Naiuliza nyumba hii," alisema. "K na N. Neno, na maana yake."

Kisha wageni, ambao nusu yao walikuwa walimu, wakaona kumbe ni mchezo.

"*Knowledge*! Maarifa!" alipiga kelele mmoja.

"*Knight*! Askari wa farasi wa zamani!"

"Kenya!" akasema mwingine, na wenzake wakamzomea.

"Jamani, walimu wetu hawajambo!" alisema mshereheshaji, na watu wakapiga makofi.

Majaliwa alitikisa kichwa. "Nawasifu, walimu. Mnajua. Lakini siulizi shule. Naiuliza nyumba."

Wazee wakaelewa. Mzee Dauda aliinama kwa Julia, aliyekuwa amekaa mbele na kanga nyeusi, maana Trevor hakupata ruhusa kazini na yeye ndiye mtoto pekee aliyekuwepo. Akamnong'oneza kwa muda. Kila mtu pale mkekani alijua anamwambia nini: kwamba binti anaweza kushika nafasi mpaka kaka yake aje, kwamba akijibu tu, neno lolote, amekalia mkeka. Julia alisikiliza. Akatazama mikono yake. Spika zilivuma. Majaliwa alilishika birika vizuri, mdomo wake umeelekea mbele, tayari kumwaga.

Julia hakusema kitu.

"Tunamshukuru sana mzee wetu," alisema mshereheshaji, akachukua kipaza sauti taratibu. "Tuendelee na ratiba."

Majaliwa alipokuwa amekaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, Julia alimletea sahani mwenyewe. Akapiga goti kumkabidhi.

"Shikamoo, baba mdogo."

Majaliwa alichelewa kuitikia. Ilikuwa miaka mingi hajaitwa baba ya aina yoyote. "Marahaba, mwanangu."

"Neno nilikuwa nalo," alisema Julia. "*Kneel*. Kupiga magoti. Baba alinifundisha nikiwa mdogo, kanisani, nikimuuliza kwa nini watu wote wamefupika ghafla."

Majaliwa akacheka, akashangaa kwamba amecheka. "Mbona hukusema?"

"Mzee Dauda kanieleza. Nikijibu, nimekuwa yeye. Ukija, unikute." Alivuta kanga. "Kesho asubuhi naondoka, baba mdogo. Nyumba tunaifunga. Trevor hatarudi kuishi hapa, na mimi sitarudi, watoto wangu hata hapa hawapajui. Ningejibu mbele ya watu wote wale, ningekuwa nimekudanganya."

"Ungenidanganya," alikubali Majaliwa.

"Umekasirika?"

"Mtani hakasiriki. Ndiyo sheria."

Majaliwa alikuwa na neno lake mdomoni, tamu kama asali, na mkate wa Mama Shakila bado uko kifuani umeanza kuwa mgumu. Alingoja. Alingoja Julia amuulize, "Na wewe, baba mdogo, umekuja na neno gani?" Ingekuwa rahisi tu, neno moja likafuata lingine. Lakini waliita kutoka jikoni kwamba sahani hazitoshi, na Julia akainuka, akasema ale, asiache pilau lipoe.

Asubuhi alikwenda kaburini kabla gari halijapakiwa. Aliketi ubavuni mwa msalaba, akatoa mkate, akaumega.

"*Knead*," alisema. "Kukanda unga. Mkeo alikuwa anakanda mbele yako, mwalimu wa bure wewe. Haya, ninawishe."

Akalishika birika, akajimwagia mwenyewe mkono wa kushoto. Kisha wa kulia. Mtu akijinawisha kwa birika, mkono mmoja umeshika na mmoja unapokea. Haiwezekani mikono yote miwili ikasuguana, hata ufanye vipi. Akajaribu kulibana birika kwa magoti, maji yakaingia kwenye viatu. Akaacha. Akala mkate na mikono mibichi.

Gari lilipokuwa linatoka alikuwa amesimama njiani na baiskeli yake. Julia alishusha kioo.

"Baba mdogo, birika unaondoka nalo?"

"Nimeliteka. Huwezi kunidai."

"Sikudai." Alitabasamu. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, hujakalia mkeka, hilo limekwisha. Lakini mtu akiondoka hapa hapewi mkono mtupu. Chukua herufi za njiani: G na H. Neno, na maana yake. Usiangalie kwenye simu. Muulize mtu, au ulione juu ya kitu unachoweza kukigusa. Ukilipata, mpigie Faruku wa buchani, Masasi. Mimi napita kwake."

Julia aliandika namba ya Faruku, ambayo Majaliwa aliijua kwa kuwa imepakwa rangi ukutani mwa bucha. Kisha Majaliwa akainama dirishani, akamuuliza jambo lingine moja. Dereva alikuwa amechoka kungoja, anawahi kufika Lindi kabla ya jua kali. Gari likasogea, kioo kikapanda kwa ajili ya vumbi. Julia aligeuka nyuma. Midomo yake ilicheza, au labda alikuwa anamwambia dereva tu.

Hayo yalikuwa ya mwaka ule. Majaliwa bado ananoa. Sasa amebakiza koti moja, na mteremko wa Newala anaushuka kwa miguu, ameishika baiskeli yake kama mtu anayemwongoza ng'ombe mzee. Birika linaning'inia nyuma na kugonga gonga. Akifika buchani hasemi kitu mpaka visu viishe. Halafu ndipo anauliza.

"Imekuja?"

"Haijaja, babu," anasema Faruku. "Watu wa Dar wana mambo mengi." Siku moja alimwonea huruma sana, akasema, "Babu, mimi nikupe basi. A na B, je?" Majaliwa alimshukuru, akazichukua, akaenda nazo mpaka Lukuledi. Aliporudi na neno, Faruku alikuwa ameshasahau kwamba alitoa herufi.

Mama Shakila naye humwita uani. Ukimuuliza herufi atakujibu, hana choyo. Akishajibu anarudi kwenye unga wake, na Majaliwa anarudi kwenye jiwe lake, na hapo ndipo mchezo unapokatika, kwa kuwa kujibu si mchezo; mchezo ni yule aliyejibu akugeukie, naye akuulize.

Barabarani mabango ni yale yale, na mapya yameongezeka. Anayapita. Manesi wanasema Babu Visu siku hizi amekuwa mkimya. Hana anachokitafuta: K na N alikwisha kuzijibu, na hakuna aliyempa nyingine akangoja jibu. Chidya akifika anaegemeza baiskeli kwenye ile baraza, ambapo nyasi zimetoka kwenye nyufa na kufuli limeota kutu, anabisha hodi kama mgeni mwenye adabu, anakaa mpaka jua linapungua. Majirani wanamwona midomo inacheza. Wanadhani anasali. Anarudia tu lile swali aliloinama kuuliza dirishani siku ile, vumbi likiwa linainuka:

"Na wewe, mwanangu, mimi unanipa herufi gani?"